Mgonjwa Naye Apewe Jembe

Leo sina habari za mgomo wala za matokeo, kwa hiyo waliokuja kutafuta umbea wapite taratibu. Nina jambo limenikaa kooni tangu mwaka 2024, na juzi limeamshwa upya.

Ni hivi. Jirani yangu hapa hosteli, chumba cha tatu kutoka changu, kavunjika mguu akicheza mpira. Jumanne jioni tukaenda kumwona. Tukamkuta kajilaza, mguu juu ya begi, magongo pembeni, anacheka tu. Tukamuuliza, sasa utaishije? Akasema, "Ah, hakuna noma. Jumamosi naenda kwa mjomba Mbagala. Kule familia ipo, wataninunulia kila kitu." Washkaji wote wakaitikia, ndo maana ya ndugu bwana! Mimi nikanyamaza. Sentensi hiyohiyo niliwahi kuisema nikiwa mwaka wa kwanza, karibu neno kwa neno, na bei yake naijua.

Kisa changu ni kifupi. Aprili 2024, masika yale yaliyofurisha kila mtaro wa Dar. Ngazi zimelowa, nina ndoo ya maji mkononi, kandambili zimekwisha chini hadi zinang'aa. Jinsi nilivyoanguka sikumbuki. Nakumbuka tu ndoo ikiendelea kushuka ngazi peke yake, inapiga kelele kama ina haraka kuliko mimi. Kifundo cha mguu wa kulia. Daktari akapiga picha, akanionyesha ufa, akanifunga hogo mpaka karibu na goti, akasema wiki sita usikanyage.

"Hata kidogo, dokta?"

"Hata kidogo."

Sasa wale ambao hawajawahi kutembelea magongo mnadhani shida ni mguu. Shida ni mikono! Magongo yanakula mikono yote miwili. Ukisimama wima kwa magongo huwezi kubeba hata kikombe cha chai kutoka mezani hadi kitandani, acha kufuko cha nyanya. Kafeteria unapanga foleni vizuri, unalipa vizuri, unapewa sahani yako ya wali maharage, halafu unabaki umesimama unaitazama. Lazima mtu akubebee. Siku ya kwanza rumeti wangu alinibebea kwa mbwembwe. Siku ya nne alikuwa na testi, akanisahau, nikashinda na biskuti. Simlaumu. Siku ya tano shangazi akaja na bajaji, akasema, "Mwanangu, fungasha." Nikafungasha.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Mabibo, si mbali na soko. Ni fundi cherehani Kariakoo, anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi taa zimewashwa. Mumewe ni dereva wa malori ya Tunduma, ukimwona nyumbani ujue gari ni bovu. Wana watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, wakati ule kamaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, matokeo yake mazuri, anasubiri kupangiwa kidato cha tano. Kazi yake ilikuwa kulala, kuamka na kwenda kibanda cha gemu. Wa pili wa kike, kidato cha tatu. Shikeni hapo kwa binti.

Wiki ya kwanza nilikula kama mfalme jamani. Kila mtu aliyepita alikuwa na dawa yake ya mfupa. Mara supu ya makongoro, mara ndizi, mara maziwa, mara dagaa. Nyumbani Tukuyu baba akapiga simu akasema nile sana nisimsumbue dada yake, maagizo mawili yanayogombana. Mimi nikawa naandika orodha kwenye simu kila asubuhi: machungwa matano, mchicha mafungu mawili, dagaa wa Kigoma (si wale wa mchanga!), maziwa lita moja, mifupa ya supu, limau. Orodha inakwenda kwa shangazi, shangazi anaacha pesa juu ya kabati, jioni chakula kipo. Nilijitolea kuchangia kutoka kwenye bumu langu, lile la shilingi 10,000 kwa siku. Shangazi akakasirika kweli. "Weka hela yako, kwani hapa umekuja gesti?" Na mimi, nitasema ukweli kwa kuwa hapa tuko wenyewe, nilifurahi. Niliirudisha pochi haraka sana.

Sikuwahi kujiuliza pesa ile juu ya kabati inatembeaje hadi inakuwa mchicha.

Ilikuwa inatembea kwa miguu ya yule binti. Anatoka shule, anavua viatu, anachukua kikapu, anaondoka. Sokoni anazunguka kutafuta dagaa wasio na mchanga wa kaka mkubwa mgonjwa, anabishana na mama wa mchicha, anarudi anawasha jiko. Mwanzoni mwa Mei, siku zile Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinatangazwa kila redio na watu tunaogopa hata kuchungulia nje, alirudi jioni moja amelowa chapachapa, tope hadi magotini, kikapu kakifunika kwa kanga yake mwenyewe. Akakitua chini. Mimi nikiwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, nikachungulia ndani ya kikapu nikasema, "Umesahau limau."

Hakujibu kitu. Akafungua mlango akarudi sokoni. Kwa limau la shilingi 200!

Kaka yake alikuwa chumbani muda wote huo. Nilimsikia anacheka na simu.

Siku kama nne baadaye ikaja barua kutoka shuleni. Afike na mzazi. Binti amekosa vipindi vya jioni karibu wiki tatu, vile vya ziada vya hesabu na sayansi, na jaribio la hesabu kapata alama ambazo hata mimi sizitaji. Shangazi akaisoma kwa sauti pale sebuleni, halafu akauliza, "Mwanangu, jioni ulikuwa unakwenda wapi?" Yule binti akasema, "Sokoni, mama." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu saa ngapi. Hakunitazama. Shangazi naye hakunitazama. Hakuna aliyenilaumu nyumba nzima, na hapo ndipo nilipotamani sakafu ipasuke, niingie na hogo langu.

Sasa nifike kwenye hoja, maana hii si hadithi tu.

Sisi tunapenda sana kujisifu. Kwetu Afrika bwana mgonjwa hakosi mtu wa kumtunza, si kama huko Ulaya. Kwenye semina za mwaka wa kwanza hoja hiyo haikosi, na atakayeitoa atapigiwa makofi. Mimi nasema hivi: "familia" haijawahi kwenda sokoni hata siku moja. Anayekwenda ni mtu, ana miguu, ana ratiba yake, ana mtihani wake. Ukisema familia itaninunulia, jiulize nani hasa. Na ukijiuliza kwa uaminifu utakuta kwenye nyumba nyingi jibu ni moja: msichana mkubwa aliyepo nyumbani. Kijana wa kiume wa rika lake, hata kama kazi yake ni kuhesabu mabati, hakumbukwi. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Kikapu kinajikuta tu mkononi mwa mtu yuleyule.

Kuna atakayesema, ndugu yetu umeanza uzungu, mtoto kutumwa si dhambi. Sawasawa! Na mimi nimetumwa sana. Nimetumwa mashineni na debe la mahindi kichwani, nimetumwa chumvi saa mbili usiku nikikimbia giza. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, kwenye ibara ya 31, unampa mtoto wajibu wa kuisaidia familia na wakubwa wake wanapohitaji. Lakini wenzangu wa sheria watanisaidia hapa, ibara hiyohiyo inasema ni kwa kuzingatia umri na uwezo wake. Kumtuma binti sokoni ni malezi. Kumtuma yeye tu, saa ya kipindi, kila siku, kwa ajili ya mwanaume mzima wa chuo kikuu anayechagua aina ya dagaa, hapo mmeshageuza mtoto gongo la tatu la mgonjwa.

Na tukitaka kuzungumza ya kwetu, basi tuzungumze yote. Mwalimu Nyerere alipoandika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962, aliikumbusha nchi methali ambayo wazee walikuwa wanaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi nusu ya kwanza tumeipenda sana, ile ya mgeni. Jembe tumelificha uvunguni. Undugu wa wazee haukuwa mto unaotiririka bure. Kila mtu alikuwa na mpini wa kushika, hata kipofu alipewa kazi ya kupukuchua mahindi. Mimi nilikaa kwa shangazi wiki tatu bila kushika mpini wowote, eti kwa sababu mguu umevunjika. Kwani mahindi yanapukuchuliwa kwa kifundo cha mguu?

Usiku ule wa barua sikulala. Asubuhi nikamwomba shangazi asiondoke kwanza. Nikamwambia nimekosa. Akaanza, "Hapana mwanangu, wewe ni mgonjwa..." Nikamwambia shangazi, mguu ndo mgonjwa, mimi mzima. Tukamwita na yule dogo wa gemu, akaja anajikuna macho. Tukapanga hivi.

Kwanza, tukatenganisha vinavyokaa na visivyokaa. Mchele, unga, maharage, mafuta, vitunguu, viazi, dagaa wakavu, hivyo havina sababu ya kununuliwa kila siku. Vinanunuliwa mara moja kwa wiki, Jumamosi, na vinabebwa na mwenye mabega, yaani dogo. Mboga za majani na nyanya ndo za kila siku, na hizo genge lipo hatua thelathini kutoka mlangoni. Soko la nini? Tulikuwa tunamtuma binti mbali kwa mazoea tu na kwa ajili ya vijimambo vyangu.

Pili, genge nikalilipa mimi kwa simu. Shangazi alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia anamwambia jirani, "Huyu mboga zetu zote analipa yeye," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyedharauliwa.

Tatu, jembe langu. Kuchambua mchele, kuchambua maharage, kukata vichwa vya dagaa, kumenya viazi, kumenya vitunguu. Zote ni kazi za kukaa, hakuna hata moja inayohitaji kisigino. Wiki tatu nzima nilikuwa nimekaa kwenye kochi natazama tamthilia za Kituruki huku mtu akitoka shule anakuja kuchambua mchele miguuni pangu. Hebu piga picha.

Nne, hesabu. Binti akirudi kutoka kwenye vipindi vyake vya jioni tunakaa saa nzima mezani. Kidato cha tatu wakati ule walikuwa na mada ya viwango na mabadiliko, walikuwa na mada ya mahesabu ya biashara. Alikuwa anaziogopa kama nyoka. Nikachukua daftari la matumizi ya nyumba nikaliweka mbele yake. Kumbe mtoto huyu kichwani mwake ana bei ya kila kitu Mabibo nzima! Anajua sado ya viazi inatoa kilo ngapi, anajua fungu likishushwa bei wamepunguza nyanya ngapi. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwambia kwamba hiyo anayoifanya kila siku mbele ya mama wa mchicha ndiyo hesabu yenyewe.

Na huyo ujuzi wake tuliutambua vizuri Jumamosi ya kwanza, dogo alipotumwa. Alikwenda kifua mbele, akarudi na sado ya nyanya amejaza kwenye mfuko. Dada yake akaimwaga kwenye beseni bila kusema neno. Juu nyanya nzuri nyekundu, chini mchuzi. Yaani mchuzi kabisa, na nyingine zina ndevu. "Hukumwambia akumwagie kwanza uone?" Dogo akabaki anatazama beseni. Tulicheka nyumba nzima, na shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini dogo wiki iliyofuata alimwagiwa akaona, na ya tatu akawa ananifundisha mimi.

Kuna hoja moja naijua inakuja, maana baba yangu ndiye wa kwanza kuitoa: mgonjwa apumzike, haya ya kulipa na kuchambua ni kujitesa. Mimi nasema inategemea ugonjwa. Mtu mwenye homa kali mwache alale. Aliyetoka kupasuliwa jana mwache alale. Lakini aliyevunjika mguu, baada ya maumivu ya siku za mwanzo, ana wiki tano za kukaa tu, na kukaa tu kunamharibu. Mimi niliyekuwa nalalamikia limau sikuwa mtu mbaya kwa asili (natumaini!). Nilikuwa mtu asiye na kazi, anayetumikiwa. Mtu akitumikiwa siku nyingi bila kushika chochote huanza kuona anayemtumikia kama samani. Nililiona jambo hilo ndani yangu mwenyewe na lilinitisha kuliko ile picha ya mfupa.

Basi jirani yangu wa chumba cha tatu, na wengine mtakaovunjika huko mbele (Mungu apishe mbali), chukueni haya machache kwangu.

Begi la mgongoni ni mkono wako wa tatu. Chupa ya chai yenye kifuniko, simu, vitabu, hata nyanya mbili tatu, vinabebeka. Usimwite mtu kwa kila kitu.

Orodha andika kiasi na pesa. "Nyanya" si orodha. "Nyanya fungu moja, zikiwa mbaya acha" ndiyo orodha. Hayo maneno "zikiwa mbaya acha" yanamwokoa mtu safari ya pili.

Neno "umesahau" lifute. Kilichokuja ndicho unachokula.

Supu ya mifupa ni tamu, kunywa, ila usimtume mtu kuzunguka soko zima ukidhani mfupa hauungi bila supu. Kalsiamu ya supu ni kidogo sana. Dagaa unaowala na mifupa yao, maziwa na mboga za majani vinakufaa zaidi na vipo kila genge. Jua la asubuhi nalo halina bei. Na kama unavuta sigara, acha, maana moshi unachelewesha mfupa kuunga.

Ukifika kwa mjomba, siku ya tatu uliza, "Hapa nani anakwenda sokoni, na anakwenda saa ngapi?" Hilo tu. Ukishapata jibu utajua jembe lako liko wapi.

Na sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa, jamani, tuache kupeleka boksi la juisi kila mtu. Nilipokuwa Mabibo nilipata maboksi tisa ya juisi ya embe. Tisa! Hakuna hata mgeni mmoja aliyeuliza, "Napita sokoni, nichukue nini?" Swali hilo lingeokoa vipindi viwili vitatu vya hesabu vya mtoto wa watu.

Tena hapa chuoni kuna wenzetu hawana shangazi Dar. Ametoka Kibondo, ametoka Mpanda, ndugu wa karibu ni rumeti wake. Huyo akivunjika siku ya tano, kama mimi, anashinda na biskuti, na hakuna bajaji ya kuja kumchukua. Mimi nashauri kila korido ijipange, watu saba, kila mtu siku moja ya kumbebea mwenzao sahani na kumnunulia mahitaji. Siku moja kwa wiki haimdiskoshi mtu. Mtu mmoja siku zote, hapo lazima mtu adisko.

Mtanisamehe nimeandika refu. Hogo lilikatwa mwisho wa Mei, mguu ukatoka mwembamba kama wa korongo. Binti mtihani wa muhula hesabu alipata C. Hakuna miujiza, C ya kawaida, ila aliipeleka kwa mama yake mbio. Mpaka leo nikienda Mabibo hanisalimii. Anafungua mlango, ananitazama juu mpaka chini, anauliza, "Kaka, limau umeleta?"

Huwa naleta.

Nyie mnasemaje? Wanaopinga waje, uwanja uko wazi, ila waje na majina ya wanaowanunulia mboga nyumbani kwao. Mimi sasa nawahi sokoni kabla hakujafurika, jirani yangu bado yupo mpaka Jumamosi na leo korido imenipa zamu. Nyanya fungu moja, zikiwa mbaya naacha.